Chai ya Aya ya Arobaini na Saba

Kazini walimwita Mbiu, kwa sababu mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na yeye hakuwa mtu wa kupiga simu bila jambo. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa refu na zuri, ila hata mhasibu alishalisahau. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kusoma. Kampuni yao ndogo ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitanda, na harufu ya vanishi ilipanda ngazi kila asubuhi ikawatangulia wafanyakazi mezani. Wateja wao walikuwa timu za usalama wa kompyuta: ya benki, ya hospitali, ya shirika la maji, ya kiwanda cha biskuti. Watu wa timu hizo walishinda wakilinda mitambo isiingiliwe na wadukuzi, na mtu anayelinda mlango hana nafasi ya kusoma matangazo yaliyobandikwa juu yake. Serikali nayo haikuchoka kuandika. Leo inatoa tahadhari kuhusu udhaifu wa programu fulani, kesho kiwango kipya cha nywila, keshokutwa marekebisho ya kile kiwango cha jana. Mbiu alisoma yote, akayachambua, kisha akawatumia wateja muhtasari wenye jedwali: kimetokea nini, kinamhusu nani, hatua gani ichukuliwe, uharaka wake ni upi, na ushahidi gani uwekwe ili mkaguzi akija aukute.

Tahadhari zilikuwa nyepesi. Mzigo ulikuwa viwango. Serikali ikisahihisha kiwango haisemi imegusa wapi. Inatoa kitabu kizima upya na kukuachia ujitafutie. Mbiu aliweka toleo la zamani kwenye skrini ya kushoto na jipya kwenye ya kulia, akayasoma kama mtu anayewakagua mapacha ajue nani ana kovu. Furaha yake ilikuwa kukuta “inafaa” imegeuka “ni lazima”. Siku alipogundua kwamba “na” imekuwa “au” katika kifungu cha kufunga chumba cha seva, aliinuka akaizunguka meza, akaketi tena bila kumwambia mtu.

Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Aliishi na shangazi yake, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyemlea. Shangazi akisema ingefaa vyombo vioshwe, Mbiu aliuliza kama hilo ni sharti au ni pendekezo. Akijibiwa kwamba ni sharti, aliuliza linaanza kutumika lini. Shangazi alishamrushia kifungo, uzi, na mara moja mkasi, ingawa mkasi aliurusha pembeni kwa makusudi. Majirani walipouliza huyu binti anafanya kazi gani hasa, Shangazi aliwaambia kwamba analipwa kusoma mikosi ya watu.

Pale ofisini palikuwa na sheria moja, nayo ilitundikwa ukutani kwa umbo la picha ya mbuzi. Kabla ya Mbiu, kazi ile ilikuwa ya bwana mmoja aliyependa ufupi. Serikali ilitoa tahadhari yenye hatua kadhaa, yeye akaona hatua ya mwisho, ya kuzima printa, haina uzito, akaiacha. Mwisho wa wiki ile, printa za hospitali ziliingiliwa na mdukuzi mwenye utani, zikachapa picha ya mbuzi mpaka karatasi zikaisha. Jumatatu wagonjwa waliokwenda kuchukua majibu ya vipimo walipewa mbuzi. Yule bwana aliondoka, na Meneja akaitia nakala moja kwenye fremu. Kila mfanyakazi mpya alisimamishwa mbele yake na kuambiwa: hatua yoyote iliyotajwa na serikali iingie kwenye muhtasari, usipunguze, usiongeze.

Meneja mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeogopa vitu viwili duniani: mkaguzi na huyo mbuzi.

Sasa twende upande wa pili wa mji, kwenye jengo la serikali lenye lifti inayofanya kazi. Humo alikuwamo mwandishi wa tahadhari hizo, bwana aliyeitwa Mwalimu kwa kuwa alifundisha Kiswahili shuleni kabla ya kuhamishiwa huko. Wahandisi walimletea madokezo yaliyoandikwa kama mtu anayeongea huku ameuma kalamu, naye akayageuza kuwa sentensi. Aliipenda kazi yake, lakini ilimtia upweke. Chini ya kila waraka aliweka nambari yake ya simu kwa ajili ya maswali. Swali halikuja. Simu ikilia, alikuwa mtu anayemtafuta kinyozi, maana nambari zao zilitofautiana tarakimu moja. Mwalimu alishawajua wateja wa yule kinyozi kwa majina, na mmoja alimshauri kabisa anyoe ndevu.

Basi akaja kupewa kazi ya kuandika Mwongozo wa Usalama wa Printa na Mashine za Kunakili, Toleo la Tatu. Ulikuwa waraka mkavu kuliko yote aliyowahi kuandika. Alipofika katikati, akiwa amemaliza kueleza namna ya kuhifadhi wino, moyo ulimwishia. Alijiuliza kama kuna kiumbe yeyote aliye hai atakayefika hapo. Ili ajipe sababu ya kuendelea, akaandika aya mpya, ya arobaini na saba: “Msomaji aliyefika aya hii apige simu kwa nambari iliyo hapo chini, naye atakaribishwa chai na mwandishi.” Akacheka peke yake, akaendelea na aya ya nyaya, akiwa na nia ya kurudi kuifuta.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mteja wa kinyozi mwenye malalamiko marefu kuhusu kisogo chake. Alipomaliza kumpoza, Mwalimu alikuwa amesahau chai. Waraka ukaenda kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi akasaini, ukatangazwa.

Mbiu aliufikia siku iliyofuata. Aya ya arobaini na tano ilihusu kufuta kumbukumbu za mashine kabla haijauzwa. Ya arobaini na sita ilihusu kuhifadhi wino. Akasoma ya arobaini na saba, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena. Akatazama toleo la pili kwenye skrini ya kushoto: halikuwa na chai. Kwa hiyo hili lilikuwa badiliko, na badiliko ni kazi yake. Akafungua ukurasa wa maana za maneno. “Msomaji” halikuwa limefafanuliwa. “Chai” pia.

Akampelekea Meneja. Meneja aliisoma akiwa amekaa, kisha akaisoma akiwa amesimama.

“Dada Mbiu, hii ni lazima au ni pendekezo?”

“Imeandikwa ‘apige’, bosi. Ingekuwa hiari wangeandika ‘anaweza kupiga’.”

“Labda ni utani.”

“Labda. Lakini ina saini ya Mkurugenzi.”

Meneja alimtazama mbuzi ukutani. Mbuzi naye, kwa namna picha ile ilivyopigwa, alimtazama Meneja.

“Iweke,” alisema.

Likabaki swali la wahusika. Waraka ulimtaja msomaji aliyefika aya hiyo, lakini timu za usalama zilikuwa hazifiki aya yoyote zenyewe. Zilifikishwa na Mbiu. Je, mtu aliyesomewa ni msomaji? Walilijadili jambo hilo kwa uzito mpaka duka la vitanda likafungwa kwa mapumziko ya mchana, wakakubaliana kwamba aliyemtuma tarishi amefika mwenyewe. Jedwali likaenda likiwa na hatua ya kumi na moja: Piga simu nambari ifuatayo, utakaribishwa chai. Wahusika: timu zote. Uharaka: wa kati. Ushahidi kwa mkaguzi: picha ya kikombe.

Ni lazima isemwe kwamba zile hatua kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Zilitaka printa zitengwe na mtandao mkuu, nywila ambazo mashine zilitoka nazo kiwandani zibadilishwe, viraka vya kuziba udhaifu wa programu viwekwe mashine moja baada ya nyingine. Hatua ya kumi na moja ilikuwa ya kwanza, tangu timu zile zianze kupokea muhtasari, ambayo kila mtu aliielewa mara ya kwanza na kuipenda. Wote walianza nayo.

Aliyetangulia kupiga alikuwa mkuu wa timu ya hospitali, mama mmoja asiye na mzaha. Mwalimu alipoinua simu alimwambia, kwa mazoea, kwamba kinyozi yuko nambari inayoishia na sita. Mama akasema hataki kinyozi, amepiga kuhusu aya ya arobaini na saba. Mwalimu akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyeokolewa kisimani, akamwambia aje wakati wowote, hata kesho, akakata simu, akaenda kuosha kikombe.

Alipokuwa bado anakifuta, simu ililia tena. Shirika la maji. Waliomba muda wa nyongeza kwa sababu bomba kubwa lilikuwa limepasuka, lakini wakaahidi kutekeleza. Kiwanda cha biskuti kikauliza kama kinaruhusiwa kuja na biskuti au hilo litahesabiwa kuwa rushwa. Benki walipiga wakiwa wamewasha kipaza sauti, wako wanane chumbani, na wakataka kuthibitisha kama hatua ya kumi na moja inaweza kutekelezwa na timu nzima kwa mkupuo.

Mwalimu akauliza hatua ya kumi na moja ya nini.

Walimtumia ule muhtasari. Aliusoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo furaha yake ilivyosinyaa na hofu ikajaa mahali pake. Hakuwa na wasomaji wengi. Alikuwa na msomaji mmoja, na huyo mmoja alikuwa na mdomo mpana kuliko redio. Akaitafuta nambari iliyo chini ya muhtasari, kando ya jina la Mbiu, akapiga.

“Naongea na Mbiu?”

“Ndiye. Kuna jambo?”

“Mimi ndiye niliyeandika ile aya ya chai.”

“Vizuri umepiga,” alisema Mbiu. “Ina sukari? Benki wameuliza, mmoja wao ana kisukari, na mwongozo haujasema.”

Mwalimu alikuwa amejiandaa kukasirika, na maneno makali alishayapanga kichwani kwa ufasaha wa ualimu wake. Yote yakamtoroka. Akauliza tu kama kweli aliusoma waraka wote.

“Wote. Aya ya kumi na mbili ina koma moja imezidi. Na ya thelathini umeandika ‘wino huo’ wakati wino ulikuwa umeuacha aya tatu nyuma. Nilitafuta ni wino gani nikachoka.”

Mwalimu akakaa chini. Baadaye alisimulia kwamba hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo kutoka kwa binadamu. Lakini hatari ilikuwa palepale, akamwomba aifute ile hatua. Mbiu akajibu kwa masikitiko ya kweli kwamba hana uwezo huo. Amri ya serikali hufutwa na marekebisho ya serikali. Atoe marekebisho, naye atayasambaza saa hiyo hiyo. Mwalimu akaeleza kwamba marekebisho ni lazima yasainiwe na Mkurugenzi, na Mkurugenzi akisaini kitu cha pili anaweza kuuliza cha kwanza kilisemaje. Wote wawili wakaona ukuta ulipo. Mbiu akamwambia anamwonea huruma, na kwamba yeye mwenyewe atafika kesho asubuhi, kwa kuwa ndiye hasa msomaji aliyefika.

Kesho yake ukumbi wa mapokezi wa lile jengo ulijaa. Watu wa benki walikuja na tai, wa hospitali na viatu vyao vyeupe, wa shirika la maji wakiwa na mabuti ya tope na samahani nyingi, na wa kiwanda cha biskuti na katoni ambalo hawakuwa wamepata jibu lake. Meneja alikuja na Mbiu, akajificha nyuma ya mmea wa plastiki. Mlinzi wa getini aliwaandikisha mmoja mmoja, na kwenye sehemu ya sababu ya ziara akaandika “chai”, kisha “chai” tena, kisha alama za kurudia, na alipofika kwa benki akaandika “chai, kwa amri”.

Mkurugenzi aliingia akiwa na simu sikioni. Alikuwa bwana mrefu aliyependa kutembea na simu sikioni hata kama upande wa pili hapakuwa na mtu, kwa sababu ilimsaidia kupita kwenye korido bila kuombwa kitu. Alipoona umati akaishusha. Akamuuliza mlinzi hawa ni nani. Mlinzi akamwonyesha kitabu. Akauliza amri ya nani. Mkuu wa timu ya benki, kwa heshima zote, akamkabidhi mwongozo ukiwa umefunuliwa penye aya, kisha akamfunulia penye saini.

Mkurugenzi alisoma. Uso wake ulianza kubadilika, kisha ukakakamaa.

“Tumevamiwa,” alisema.

Hilo ni neno la kusema kanisani au sokoni, lakini si katika ukumbi uliojaa watu wa usalama wa kompyuta. Wote walifungua kompyuta zao kwa pamoja. Mama wa hospitali alichomoa televisheni ya ukutani. Vijana wa benki walizima intaneti ya jengo zima kabla mtu hajawaambia ilipo. Mtu wa shirika la maji, asiyejua afanye nini ila akitaka kuwa na manufaa, alikwenda kusimama mbele ya lifti akakunja mikono ili mdukuzi asipite. Lifti ikafunguka, akatoka mfagizi na ndoo, akazuiwa.

Mwalimu aliona mambo yanaelekea kubaya. Akajipenyeza katikati, akakohoa kama anavyokohoa mwalimu mbele ya darasa.

“Hatujavamiwa, bosi. Ni mimi. Niliandika aya hiyo kwa upweke, nikasahau kuifuta, nikakuletea, ukasaini.”

Ukumbi ulitulia. Hata katoni la biskuti, lililokuwa likifunguliwa kwa siri nyuma, liliacha kulia. Macho yote yalimwacha Mwalimu yakahamia kwa Mkurugenzi, na pale ndipo kila mtu alipoliona jambo ambalo Mkurugenzi alikuwa ameshaliona sekunde chache kabla yao: hawezi kumwadhibu aliyeandika bila kueleza aliyesaini alisoma nini.

Mkurugenzi aliitazama saini yake, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa kubwa na yenye madoido. Kisha akainua kichwa, na sauti yake ikawa ya hotuba.

“Kwa hiyo mnadhani nilisaini bila kusoma?”

Akaendelea, akasema aya ile aliisoma, akaiacha kwa makusudi. Lilikuwa zoezi. Zoezi la kupima kama nyaraka za usalama zinasomwa, na waliopo hapa leo ndio waliofaulu, anawapongeza, nchi inawategemea. Watu wa benki, ambao wamezoea mikutano, walipiga makofi, na wengine wakafuata. Mbiu peke yake ndiye aliyenyosha mkono. Aliuliza zoezi lina nambari gani, ili aliingize kwenye kumbukumbu. Mkurugenzi alimtazama, akatazama dari, akataja nambari. Mbiu akaiandika. Mpaka leo iko kwenye faili, na ukiitazama vizuri utaona inafanana sana na nambari ya gari la Mkurugenzi.

Kwa kuwa sasa lilikuwa zoezi la serikali, chai ililazimika kutolewa. Jengo lilikuwa na birika moja na vikombe vichache. Ikabidi wanywe kwa zamu, lakini kabla ya kunywa kila mtu alitakiwa kupiga picha ya kikombe kwa ajili ya mkaguzi, na watu wa benki walipiga pande nne. Chai ilipoa. Ikarudishwa birikani, ikachemshwa tena, ikapigwa picha tena. Yule mwenye kisukari alipewa isiyo na sukari, na kwa sababu hakupanga foleni akawa wa pekee aliyeinywa ikiwa moto. Iliamuliwa kwamba biskuti si rushwa maadamu mtoaji naye anazila.

Katika foleni ile ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna mwongozo uliowahi kulifanikisha. Walianza kuongea. Mama wa hospitali alikiri kwa sauti ya chini kwamba kuna printa yao moja ya ghorofa ya chini ambayo bado inachapa yenyewe alfajiri. Mtu wa shirika la maji alishtuka, akasema na yao inafanya hivyo, alidhani ni yeye tu, na alikuwa akiona aibu kusema. Wa kiwanda cha biskuti akasogea. Ikabainika mashine zao zote ni za aina moja, na tundu analopitia mdukuzi ni moja, na kila mmoja alikuwa amelificha kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka. Kijana wa benki alikuwa ameshalitengenezea kiraka miezi iliyopita. Akawagawia pale pale, akiwa na biskuti mdomoni.

Mbiu na Mwalimu hawakuyasikia hayo. Walikuwa kwenye kona karibu na dirisha. Mbiu alikuja na nakala ya mwongozo iliyojaa alama za kalamu nyekundu, wakaanza na ile koma ya aya ya kumi na mbili. Mwalimu aliitetea. Mbiu akaipinga. Chai yao iliota utando, inzi akaja akaukagua akaondoka, wao bado wako kwenye koma.

Mambo yaliisha vizuri, au kwa namna inayofanana na vizuri. Mkurugenzi alisifiwa na wakubwa wake kwa ubunifu, akawa anaalikwa kueleza zoezi lake kwenye mikutano, na kila akilieleza lilizidi kuwa la makusudi. Mwalimu alipokea barua ya onyo na barua ya pongezi siku moja, zote mbili zimesainiwa na mtu yule yule, ambaye hakuwa amesoma hata moja.

Meneja ndiye aliyepata wasiwasi. Timu za usalama sasa zilianza kusoma nyaraka za serikali zenyewe, kurasa zote, zikitafuta chakula. Aliona biashara inazama. Lakini haikupita wiki ikatoka tahadhari iliyoonya juu ya “viungo hatari vinavyosambazwa kwa barua pepe,” na kiwanda cha biskuti, kilichoisoma chenyewe kwa ari kubwa, kikasimamisha tangawizi, mdalasini na iliki. Kilizalisha biskuti zisizo na ladha nusu siku nzima, mpaka Mbiu alipowapigia kuwaeleza kwamba viungo vinavyosemwa ni vile vya kubonyeza kwenye kompyuta. Meneja aliposikia alishusha pumzi, akaagiza kiti kipya cha Mbiu, chenye magurudumu.

Shangazi alikuwa na tafsiri yake. Alipoelezwa kisa kizima aliacha cherehani, jambo ambalo hulifanya umeme ukikatika tu.

“Mwanangu, mimi nimeposwa mara mbili,” alisema, “na hakuna hata mmoja aliyeitumia serikali nzima kunialika chai.”

Mbiu akamweleza kwamba haikuwa hivyo, kwamba mwandishi hakumjua, kwamba aya ilimhusu msomaji yeyote. Shangazi akamwambia ndiyo, na msomaji alikuwa nani? Mwalimu alipokuja nyumbani Jumapili moja kuleta rasimu, Shangazi alimpima mabega kwa utepe wake bila kumuuliza, na wiki iliyofuata akamkabidhi shati. Lilimkaa vizuri. Mwalimu alilivaa, na rasimu zikaendelea kuja kila Jumapili, maana wakati huo Mbiu alishaanza kuzisoma kabla hazijatangazwa, na ugomvi wao kuhusu koma ulikuwa umefika mahali ambapo hakuna kati yao aliyetaka uishe.

Mwaka uliofuata Mbiu aliitwa kwenye kamati ya kuandika viwango. Shangazi alimshonea gauni la bluu. Kikao cha kwanza kilipangwa kupitia kiwango chote cha nywila, lakini hakikuvuka sentensi ya kwanza, iliyosema kwamba mtumiaji anayehisi nywila yake imejulikana aibadilishe mara moja. Mhandisi mmoja aliuliza kama “mara moja” maana yake ni papo hapo, au ni mara moja na si mara mbili. Wengine wakamcheka. Mbiu hakucheka. Alisema swali hilo ni zito, kwa sababu shirika la maji lilishamuuliza kama wakibadilisha mara ya pili watakuwa wamevunja sheria.

Walijadili asubuhi nzima. Chama cha papo hapo kilikaa upande wa dirishani, chama cha si mara mbili upande wa mlangoni, na Mwalimu, aliyekuwa katibu, aliandika hoja za pande zote huku akitabasamu kwenye karatasi. Walikwenda kula bila kuafikiana, wakarudi wakiwa wameshiba na wabishi zaidi. Jioni, mwenyekiti alipoanza kukusanya funguo zake, Mbiu alipendekeza maneno ambayo yalipita bila kupingwa na ambayo yamo kwenye kiwango hicho hadi sasa: “aibadilishe sasa hivi, na akitaka kuibadilisha tena, hakuna atakayemkataza.”

Alirudi nyumbani kwa miguu, gauni la bluu likipepea, akiwa na furaha ya kupita kiasi. Shangazi alimuuliza wamefanya nini siku nzima. Mbiu akamwambia wamemaliza sentensi moja. Shangazi akamtazama, akasema hongera, akamwomba ashike ncha ya pili ya kitambaa ili akikate.